Jipu Halichomwi Sindano

Daktari alilisema neno lile amesimama, mkono mmoja tayari umeshika pazia la kitanda cha jirani.

"Mama ana jipu kwenye moyo. Ndani ya nyama yenyewe ya moyo. Leo tunaanza sindano za mshipa, kali, mchana na usiku, na mimi naandika rufaa ya Dar es Salaam."

Akageuka, pazia likamfuata, na sauti yake ikaanza kumuuliza mgonjwa mwingine habari za choo.

Emilian alibaki amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kofia mapajani. Alikuwa mkulima wa tumbaku, mtu wa kijiji kimoja nje kidogo ya Usoke, na shule yake iliishia darasa la nne, mwaka ambao baba yake alihitaji mikono ya kuchuma majani. Maneno mengi ya madaktari wa Tabora yalimpita kama treni ya mizigo inavyoipita stesheni ndogo. Lakini jipu alilielewa. Nani asiyelielewa? Akamtazama mkewe, Apolinaria, aliyeegemezwa mito miwili kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Apolinaria alikuwa amefumba macho. Akamtazama shemeji yake Agnetha, dada mkubwa wa Apolinaria, aliyekuja kutoka Kaliua kuuguza. Agnetha aliiweka chini chupa ya uji, taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

"Hilo halichomwi," alisema.

Mtu wa mbali anaweza kucheka. Acheke. Lakini nchi yote ile, kuanzia Kaliua mpaka Ulyankulu mpaka Nzega, watu wanajua kwamba yako maradhi yanayotaka sindano na yako yasiyotaka, na mkuu wa hayo yasiyotaka ni jipu. Jipu linakandwa, linasubiriwa liive, linatumbuliwa, kiini kinatoka, mtu anapona. Ukilichoma sindano likiwa bichi, linageuka. Linarudi ndani, na mwenye nalo haoni jua likizama. Na dada wale wawili hawakuambiwa na mtu. Waliona. Walikuwa wasichana, baba yao akilima kule upande wa Ulyankulu, na kaka yao Raymundi akaota jipu kwapani, kubwa kama yai la bata. Asubuhi alikwenda kwa miguu yake kuchomwa sindano, anapiga mluzi. Jioni walimrudisha juu ya baiskeli, amefunikwa shuka. Agnetha alishika usukani. Apolinaria alikuwa nyuma, ameishika miguu ya kaka yake isiburuzike chini. Mtu aliyeshika miguu hiyo utamwambia nini?

Nesi Levina alipokuja na sinia la sindano, Apolinaria alikuwa ameificha mikono yote miwili ndani ya kitenge.

"Mama, nipe mkono."

"Wa nini?"

"Wa dawa."

"Dawa ya vidonge nipe, nitameza hata gunia. Hiyo hapana, mwanangu. Redio ilituimbia miaka mizima kwamba majipu ya serikali yanatumbuliwa. Langu tu ndilo mnataka kulichoma sindano?"

Wodi ikacheka. Hata mama wa kitanda cha mlangoni, aliyekuwa hajasema neno tangu aletwe, alicheka mpaka akakohoa. Ndivyo alivyokuwa Apolinaria. Hata homa ikimchemsha, ulimi haukuchoka. Levina akacheka naye, kisha akamgeukia Emilian.

"Baba, msaidie."

"Mchome tu," Emilian alisema. "Mgonjwa haulizwi uji."

"Uji haulizwi, baba. Sindano inaulizwa. Akikataa siwezi kumfunga kamba."

Akaondoka na sinia lake kama alivyokuja nalo.

*

Tuseme ukweli, ugonjwa wenyewe ulianza masika, kwenye kivuli cha bani lao la kukaushia tumbaku. Apolinaria alikuwa akifunga majani kwenye fito, Emilian akiyapokea na kuyapandisha. Mara akaacha kufunga. Akasema kifua kimebanwa kama anakaliwa na mtu, na taya linauma, na mkono wa kushoto si wake. Jasho lilimtoka baridi. Kwenye zahanati ya kijiji, mganga mfawidhi, kijana mmoja Vedasto mwenye viatu vya kung'aa, alimbonyeza tumbo mara moja akasema ni vidonda vya tumbo, akampa vidonge vya kutafuna. Akavitafuna. Walipofika hospitali ya Tabora mjini, wakaambiwa ni mshtuko wa moyo, na kwamba kipande cha moyo kilikwishakufa njiani, huku yeye anatafuna.

Lakini Mungu si Vedasto. Apolinaria akapata nafuu. Akarudi nyumbani na dawa zake, akakatazwa kazi nzito, akawa anakaa kwenye kigoda anawaamuru kuku na mumewe kwa sauti ile ile moja. Kisha kikaja kikohozi. Vedasto akamwekea kanula mkononi, kile kijibomba cha kupitishia sindano, akasema aje kila siku apigwe dawa mpaka dozi iishe, kanula ibaki humo humo asitobolewe tena. Akaja siku ya kwanza, akaja ya pili. Siku iliyofuata Vedasto alikuwa ameitwa semina Urambo. Alikwenda na ufunguo wa kabati la dawa mfukoni.

"Basi toa hiki kijibomba," Emilian alimwambia mhudumu aliyebaki, mzee mmoja wa kufagia na kuchemsha vyombo.

"Baba Konso, mimi? Mimi mwenye ufagio nitoe kanula ya mganga? Aliyeiweka ndiye ataitoa. Kesho anarudi."

Kesho ya serikali haina jua lake. Walikwenda wakarudi, wakaenda wakarudi, na kile kijibomba kikakaa mkononi, plasta imekuwa nyeusi kwa utomvu wa tumbaku na moshi wa jikoni. Apolinaria alikiita saa yangu, maana kilikuwa karibu na kifundo cha mkono. "Mume wangu, niulize saa ngapi." "Saa ngapi?" "Saa ya Vedasto imesimama." Mkono ukavimba, ukawa mwekundu, ukaanza kunuka. Mganga aliporudi na mkoba mpya wa semina, alikichomoa, usaha ukafuata, akapangusa na spiriti akasema, "Hii ni kawaida, mama."

Kawaida! Baada ya hapo ndipo ikaja homa ya kutetemesha, wakaitibu malaria, ikarudi, wakaitibu tena malaria, mpaka Emilian akambeba mkewe kwa pikipiki hadi barabarani na kwa basi hadi Tabora. Na Tabora nako mashine ya kupiga picha ya moyo ilikuwapo, nzima kabisa, imefunikwa kitambaa safi. Mtu wa kuitumia ndiye hakuwapo. Alikuwa anakuja kwa zamu kutoka mkoa mwingine. Wakamngoja mpaka alipokuja na jipu likaonekana. Siku hizo za kungoja Emilian alikuwa akipita pale dirishani kuiangalia ile mashine kama mtu anavyoangalia kisima chenye kufuli.

*

Mchana wa siku ile ya kukataa, Levina alimkuta Emilian kwenye mabomba ya kufulia nguo, amesimama tu, bomba linamwaga.

"Baba, funga maji. Umemwelewa daktari lakini?"

"Nimeelewa jipu."

Levina alikuwa binti mdogo, kama umri wa binti yao Konso aliyeolewa Mpanda, lakini hakuwa na haraka. Akamweleza. Wale wadudu waliingia kwa ule mkono uliooza. Wakasafiri na damu, wanatafuta pa kukaa. Nyama hai ya moyo inawafukuza. Ila kile kipande kilichokufa wakati ule wa masika hakina nguvu ya kumfukuza mtu.

"Kama nyumba iliyohamwa," Emilian alisema.

"Hivyo hivyo, baba. Wamevunja wameingia, na sasa wanabomoa ukuta. Ukuta ukitoboka..."

"Na mlango aliwafungulia Vedasto."

Levina alitazama maji yanavyoingia kwenye mfereji. "Mimi simjui huyo Vedasto, baba. Mimi najua tu anatakiwa achomwe dawa leo."

Emilian akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa daktari yule, Nestory, akabisha, akaingia kabla hajaitwa. Daktari alikuwa anakula andazi amesimama, simu sikioni. Alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, wodi mbili ziko juu yake peke yake. Emilian aliyaona hayo macho. Hayakumpunguzia hasira.

"Shikamoo dokta." Alimwamkia ingawa huenda walikuwa rika moja, mwenye kuomba ndiye mdogo.

"Marahaba. Mzee, mke wako mnamwua nyie. Mnatuletea wagonjwa halafu mnatufundisha kazi."

"Ndilo lililonileta. Dokta, rudi pale kitandani. Mwambie si jipu."

"Nini?"

"Mwambie uvimbe. Mwambie kidonda, mwambie uchafu, mwambie hata mdudu. Neno lolote. Wewe una maneno mengi, umesomeshwa. Hilo moja lirudishe."

Daktari aliliweka andazi juu ya makaratasi. "Mzee wangu, nimeshasema kilichopo. Nikirudi nikasema kingine ataniamini vipi? Nitasema uongo mbele ya wodi nzima?"

"Vedasto alisema vidonda vya tumbo na hakuna aliyemkamata."

"Mimi si Vedasto."

"Basi lichane. Kama ni jipu, lichane. Akiona linachanwa atakubali."

"Moyo hauchanwi hapa. Ni Dar. Na Dar hawawezi kumpokea anachemka hivi. Lazima sindano ziitulize homa kwanza, ndipo asafiri."

Emilian akaipima hiyo kauli kichwani. Ili akachanwe, lazima akubali sindano. Na ili akubali sindano, lazima aone linachanwa. Ni kamba iliyofungwa pande zote mbili, na aliyeifunga kamwachia mjinga wa darasa la nne aifungue.

Alitoka akakaa kwenye ngazi za nje. Mbele yake barabara ilikuwa inaelekea mashariki, na zaidi ya mji reli ilikuwa inafuata upande huo huo. Njia ile aliijua kwa hadithi za babu yake. Wanyamwezi waliikanyaga kwa miguu mpaka pwani, pembe za ndovu mabegani, mzigo wa mtu mwingine, miezi na miezi, na mzigo ukafika. Wakubwa wa wakati ule walitaka pembe, basi njia ikapatikana. Leo kuna lami, kuna reli, kuna ndege inatua pale pale Tabora, na mwanamke mmoja mwenye moyo mbovu hawezi kufikishwa pwani. Alitema mate. Mlinzi akamwambia mzee hapa hapatemwi mate. Akafuta kwa kiatu.

*

Agnetha hakuwa mtu mbaya, hilo liwekwe wazi. Alikuwa anampenda mdogo wake kuliko roho yake. Hakulala, alimwosha, alimgeuza, alimlisha kwa kijiko. Na akawa anamkanda. Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto ya chupa, akakikamua, akakiweka juu ya titi la kushoto, akakibonyeza kwa kiganja, machozi yakimlengalenga.

"Liive, mayu," alimwambia, akimwita mama kwa Kinyamwezi. "Liive litoke."

Ikapita siku hivyo, ikapita nyingine. Levina alikuja na sinia, akarudi na sinia. Daktari alikuja akapandisha sauti, Apolinaria akamwambia, "Usinigombeze dokta, mimi si mwanao," akashusha. Midomo ya mgonjwa ilikuwa inabadilika rangi. Usemi wake ulikuwa umekatikakatika. Mzaha mmoja sasa ulimgharimu pumzi tatu.

Emilian alikuwa anakitazama kile kitambaa kinavyofuka moshi kifuani pa mkewe. Na hapo wazo likamjia, wala halikutoka kwa daktari.

"Shemeji," alisema. "Litokee wapi?"

"Nini litokee wapi?"

"Jipu. Likiiva. La kwapani linatokea kwapani. La paja linatokea kwenye paja. La moyo litatokea wapi? Moyo hauna nje."

Agnetha akanyanyua kitambaa, akakishika hewani kikidondoka maji. Akachukua beseni la nguo chafu, akasema anakwenda kufua, akaenda bila sabuni.

Apolinaria alikuwa amemgeukia mumewe.

"Rudia."

"Moyo hauna nje, Mama Konso. Likipasuka linapasukia humo humo."

Akapandisha pumzi, akaishusha. Mwishowe akauliza, "Unaapa kwamba sindano haitaniua?"

"Siapi. Mimi nijue nini? Wanaojua hawakai wakasema nasi. Ila kusubiri kutakuua, hilo naliona kwa macho."

"Na Raymundi?"

"Raymundi sikumwona. Labda lilikuwa limeshaingia ndani kabla hajachomwa. Labda ile sindano ilikuwa chafu. Labda ndivyo mnavyosema. Sijui. Nakuomba tu."

"Nikifa watasema ni wewe."

"Waseme."

"Unasema waseme kwa sababu hujawasikia." Akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Dada yangu unamjua. Kaliua nzima itajua kabla hujanunua sanda."

"Apolinaria."

"Ehe, leo naitwa jina. Hali mbaya kweli." Akautoa mkono wa kulia kutoka ndani ya kitenge, mkono uliokonda, ngozi ya vidole imekuwa kahawia kwa miaka ya tumbaku. "Haya. Mwite yule binti. Lakini sikia, Baba Konso. Sikubali kwa sababu ya dokta. Nakubali kwa sababu yako wewe."

Alikwenda mbio. Mtu mzima, anakimbia kwenye korido ya hospitali, kandambili moja imebaki nyuma.

*

Levina alifanya kazi polepole. Alipata mshipa mara ya kwanza, akafunga vizuri kwa plasta mpya, nyeupe, akaivuta dawa, akaisukuma kidogo kidogo huku akimuuliza inauma, mama? Apolinaria aliifuata kwa macho dawa inavyoingia.

"Imekwenda," alisema.

"Imekwenda, mama. Hongera."

Agnetha alirudi na beseni. Aliona kijibomba, aliona dripu inaning'inia, akaona uso wa shemeji yake. Hakupiga kelele. Aliliweka beseni chini, akakaa kwenye sakafu ya saruji, akaiweka mikono yake miwili kichwani, mchana kweupe, kama mtu ambaye msiba umeshatangazwa.

"Dada, acha uchuro," Apolinaria alisema. "Nipe uji."

Ilikuwa alasiri. Emilian alimwinua, mgongo wake ukiwa kifuani pake, mwepesi kama fito isiyo na majani. Agnetha akaja na kijiko. Apolinaria akameza kimoja. Akameza cha pili nusu. Halafu akashika kitenge chake pale kifuani kwa ngumi, akasema, "Aa," si kwa sauti ya maumivu bali kama mtu aliyekumbuka kitu, na uzito wake wote ukamwegemea mumewe.

Walikuja. Levina alikuja, Daktari Nestory alikuja anakimbia na andazi jingine liko kwenye mfuko wa koti. Walimlaza, wakambonyeza kifua, wakambonyeza. Emilian alisukumwa hadi ukutani, akabaki hapo na kijiko mkononi. Hakujua alikipokea saa ngapi.

Baadaye daktari alimweka pembeni. Sauti ilikuwa imemtoka ukali wote.

"Ukuta umepasuka, mzee. Ungepasuka leo hata kama tusingemchoma. Dozi moja isingeweza kuua wala kuponya. Tumechelewa."

"Tumechelewa nani?"

Emilian aliijua hiyo *tu*. Wakubwa wakishiba, ni wao. Wakiharibu, ni sisi sote.

Mlangoni pa wodi Levina alikuwa anafuta macho kwa mkono wa sare.

"Baba, si mimi, eti?"

"Si wewe, binti yangu."

Maneno hayo yalimtoka bila shida. Akageuka kumtafuta shemeji yake ili amwambie hayo hayo, na pale yakakwama. Agnetha alikuwa anamfunga mdogo wake kidevu kwa kitambaa kile cha kukandia, na hakuinua macho.

"Raymundi wa pili," alisema. "Na huyu katolewa na mumewe."

*

Msibani Agnetha hakumtukana mtu. Afadhali angetukana. Aliwasimulia wanawake jikoni, tena na tena, kwa sauti ya chini isiyo na kiitikio, jinsi mdogo wake alivyokaa na jipu siku zote hizo akiongea, akicheka, wodi nzima ikicheka. Na jinsi alivyoacha kijiko cha pili nusu. Hakuongeza hata neno moja la uongo. Ndiyo maana aliaminika.

Vedasto alikuja kuzika. Aliketi mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, karibu na mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akasoma salamu za serikali: marehemu alipata huduma zote, tangu ngazi ya zahanati. Watu wakaitikia amina kana kwamba ni sala. Kisha ikaitwa zamu ya mfiwa. Emilian akasimama. Yote yalikuwa tayari mdomoni mwake: vidonge vya kutafuna, ufunguo mfukoni, saa iliyosimama, mashine chini ya kitambaa, pazia lililovutwa. Akaona nyuso zinavyomtazama, upande wa wakwe zake wakitazama chini. Alipojaribu kuanza na Vedasto, aliona jinsi litakavyosikika: mtu aliyemchomesha mkewe sindano, sasa anatafuta wa kumtupia.

"Asanteni kwa kuja," alisema, akakaa.

Kiangazi, majani ya tumbaku yameshauzwa, Vedasto alimfuata nyumbani. Alikuwa na viatu vile vile, vumbi kidogo.

"Mzee, nina ombi la kikazi. Watu wanakataa sindano. Mtu mwenye jipu haji tena zahanati, na wengine wanataja jina la marehemu. Wilayani wameniuliza. Sasa wewe ukisimama kwenye mkutano wa kijiji ukasema haikuwa sindano, watakusikia."

"Nitasema," Emilian alijibu.

"Mungu akubariki."

"Nitasema haikuwa sindano. Watauliza, ilikuwa nini? Nitasema kanula. Nitasema nani aliiweka na alikwenda wapi."

Vedasto alikitazama kiatu chake. "Hilo la kanula, mzee, halina uthibitisho. Litawachanganya wananchi."

"Basi usiniite."

Hakumwita. Mkutano ukafanyika, akaja bwana mmoja kutoka wilayani na kipaza sauti, akawaambia wanakijiji ujinga ni adui, kuna mama mmoja hapa alikufa kwa imani potofu. Watu wakatazamana. Mama gani alikufa kwa kukataa? Aliyekufa ni yule aliyekubali.

Jioni yake Emilian alipita kwa Recheli, jirani wa upande wa kisima. Mume wake, Masele, alikuwa amelala mkekani barazani, paja moja limevimba na kung'aa, homa imemkausha midomo. Recheli alikuwa anamkanda.

"Hodi."

"Karibu baba. Shikamoo."

"Marahaba. Recheli, mpeleke mumeo akachomwe sindano. Mtafute baiskeli sasa hivi, msingoje Vedasto, nendeni Usoke. Mimi niliyafikiria haya mambo mpaka mwisho. Linaweza kuingia kwenye damu. Sindano siyo iliyomuua Mama Konso, nilikuwepo, alikuwa mikononi mwangu."

Recheli alimsikiliza mpaka akamaliza, kwa heshima, kama anavyosikilizwa mtu aliyefiwa. Akamsogezea kigoda. Akakichovya kitambaa kwenye maji, akakikamua, moshi ukapanda.

"Asante baba kwa kutujali," alisema. "Lakini samahani kukuuliza. Wewe si ndiye uliyemwambia akubali?"

"Ndiye mimi."

"Ehe," Recheli alisema kwa upole, akakiweka kitambaa juu ya paja la mumewe, akakibonyeza.

"Kaa, mzee," Masele alisema kutoka mkekani, meno yanagongana. "Usiondoke bila kula. Ugali unakuja."

Emilian akakaa.